Shavu la kushoto: binti wa miaka saba na kaveera ya switi za Idi

Siku ya nne baada ya Idi el-Fitri, kabla hatujafungua dirisha la kadi, mama mmoja alikuwa ameshakaa kwenye benchi la nje akiwa amempakata bintiye. Mtoto wa miaka saba hapakatwi ila akiwa mgonjwa kweli. Alifungwa leso kutoka kidevuni hadi utosini, na nilipoifungua niliona shavu la kushoto limevimba hata ule mkunjo wa kati ya pua na mdomo umefutika. Ngozi ilikuwa ya moto, imevutika, inang'aa. Usiku wa pili huo hakulala. Mama hakungoja niulize: "Daktari, ni hizi switi za Idi. Nilisema nikachoka."

Mimi ni afisa wa afya ya meno katika kituo cha afya upande wa Luwero. Familia hii inakaa Bombo, kilomita kama 35 kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya kwenda Gulu, mji wa Wanubi na wa kambi ya jeshi, ambako mtu huanza sentensi kwa Kinubi, akaipitisha kwenye Kiganda na kuimaliza kwa Kiswahili. Mama ameridhia nikisimulie kisa hiki, nami nimeacha nje yote yanayoweza kumtambulisha mtoto. Nakiandika kwa sababu mama alikosea kuhusu kilichomdhuru mwanawe, na sisi wa kituo tulikuwa tumekosea kabla yake.

Nilichokikuta

Jambo la kwanza si jino. Mtoto akija na uvimbe wa uso, kwanza unatazama kama anapumua na kumeza sawasawa. Joto lake lilikuwa 38.4. Aliweza kufungua mdomo upana wa vidole vyake viwili, alimeza mate bila kudenda, sauti yake haikuwa imebadilika, na chini ya ulimi palikuwa laini. Uvimbe haukuwa umeshuka shingoni wala haukufika kwenye jicho. Lingekosekana moja tu kati ya hayo, nisingeligusa jino, ningetafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa saa ile ile. Usaha wa jino la chini ukiteremka chini ya ulimi na kuingia shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Watoto hufa kwa jino. Hapo sitii chumvi.

Kisha mdomo. Gego la pili la utotoni, chini kushoto, lilikuwa limebaki kuta nyembamba kama ganda la yai, na ndani ya shimo mlijaa karafuu iliyopondwa. Ilikuwa dawa ya bibi, na sikumlaumu: karafuu hupoza maumivu kwa muda, nasi wa meno tunayo mafuta yake kwenye kabati. Ufizi wa pembeni ulikuwa umeinuka kwa jipu. Gego la mbele yake lilikuwa na shimo la wastani ambalo halijafika kwenye kiini, sehemu hai ya ndani ya jino.

Lililonikalisha zaidi lilikuwa nyuma kabisa. Palikuwa na gego jipya, kubwa, ambalo kona yake ya nyuma bado ilifunikwa na ufizi. Nilipolikausha kwa pamba niliona msitari wa kahawia ndani ya mfereji wake, na kingoni weupe uliofifia kama chokaa.

"Hilo nalo la utotoni?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Hili ndilo la kudumu. Halina la kulibadilisha."

Alinyamaza. Sijakutana na wazazi wengi wanaolijua hili gego. Meno mengine ya kudumu hujitangaza: la utotoni hulegea, hung'oka, mtoto hulitupa juu ya bati, na nyumba nzima inajua kwamba jino jipya linakuja. Gego hili, tunaloliita la miaka sita kwa umri linapoota, haling'oi jino lolote. Linachomoza kimya nyuma ya safu ya meno ya utotoni, mahali ambapo mswaki wa mtoto haufiki, na kwa miezi mingi liko chini kuliko wenzake, enameli yake, lile tabaka gumu la nje, bado changa. Ndilo litakalobeba kazi ya kutafuna maisha yote, nalo huzaliwa jirani na meno yaliyooza.

Upande wa kulia ulikuwa na madoa, hauna shimo. Meno ya juu yalikuwa mazima. Nikaandika kwenye faili swali ambalo lilinisumbua hadi tulipoonana tena: mbona kushoto?

Siku nne hazitoboi jino

Mama alikuja na mshitakiwa wake tayari, Idi. Ushahidi haukumkubalia. Ili jino la mtoto litoboke na kubaki ganda, inahitaji miezi, mara nyingi mwaka au zaidi, hata ukikumbuka kwamba enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba kuliko ya meno ya kudumu. Juu ya meno kuna utando wa bakteria. Wanaofahamika zaidi huitwa Streptococcus mutans. Wakipata sukari huila na kuacha asidi, na ndani ya dakika chache ukali wa asidi kwenye utando hupita kiwango ambacho enameli inaweza kustahimili, yaani pH hushuka chini ya takriban 5.5. Madini ya jino huanza kuyeyuka. Mate ndiyo yanayookoa: huizimua asidi na kurudisha kalsiamu na fosfeti kwenye jino. Lakini yanahitaji muda, nusu saa, pengine saa nzima, na katika muda huo yasichokozwe tena.

Jino, basi, halihesabu vijiko vya sukari. Linahesabu mara ngapi umeliingizia sukari, na kila mara limekaa muda gani bila kupumzika.

Idi ilileta maumivu kwa sababu kulikuwa tayari na shimo la kupokea sukari, na kiini kilichokuwa kinakufa. Hilo nililithibitisha kwa njia iliyoniuma. Nilipofungua daftari la wagonjwa wa nje nikalikuta jina lake, miezi tisa nyuma. Safu ya ugonjwa: jino linauma. Safu ya matibabu: parasetamoli. Nilipomkumbusha mama akasema ndiyo, siku ile aliambiwa dirishani kwamba ni jino la utotoni, litang'oka lenyewe. Siku ile mimi nilikuwa kwenye mafunzo na hakuna aliyemwambia arudi.

Maneno hayo, "ni la utotoni, litang'oka," nimeyasikia kwa bibi, kwa walimu, kwa wauguzi wenzangu, na sasa nimeyaona katika mwandiko wa kituo chetu. Gego la utotoni kama hili hung'oka kati ya miaka 10 na 12. Huyu binti alikuwa na sita. Tulikuwa tunamwambia asubiri miaka minne hadi sita akiwa na shimo mdomoni.

Kabla ya kuja kwetu alipelekwa duka la dawa, akapewa vidonge vichache vya amoksilini. Alimeza vitatu, uvimbe ukapungua kidogo, vikaachwa. Baada ya Idi ukarudi kwa nguvu. Dawa ya kuua bakteria hufika kwenye tishu zenye damu. Kiini cha jino kilichokufa hakina damu, kwa hiyo chanzo hubaki palepale kikisubiri.

Siku ile ile

Jino lilikuwa halina la kuokolewa. Nilimweleza binti mwenyewe kwanza, mama akisikiliza, kwamba nitachoma sindano, atahisi kama kuumwa na siafu, kisha mdomo utakuwa mzito na jino litatoka. Sijawahi kumwambia mtoto kwamba hataumia. Atakaponishika uongo mara moja, hatanifungulia mdomo tena.

Ganzi haifanyi kazi vizuri ndani ya usaha, kwa hiyo sikuchoma kwenye uvimbe. Nilichoma karibu na mshipa wa fahamu nyuma ya taya, mbali na jipu, nikangoja dakika kumi na zaidi hadi nusu ya mdomo wa chini ikafa. Lilitoka vipande viwili na usaha nyuma yake. Aliuma pamba nusu saa. Kwa sababu ya homa na uvimbe nilimpa amoksilini ya siku tano na parasetamoli, vyote kwa kupima uzito wake, nikamwandikia mama kwenye karatasi dalili za kumrudisha usiku bila kungoja kukuche: shingo kuvimba, kudenda, kushindwa kufungua mdomo, kupumua kwa shida, jicho kuanza kufunga.

Jioni mama alinipigia simu kwamba amelala.

Vizibo vya soda

Juma lililofuata alirudi na uso wake wa kawaida, na safari hii bibi yake alikuja naye. Watu wote wanamwita Hajati, nami nikamwita hivyo. Ndiye anayeshinda na watoto wakati mama yuko sokoni.

Nina kopo la vizibo vya soda ofisini, kama vile vya kuhesabia vya watoto wa P.1, darasa la kwanza. Nikavimwaga mezani nikamwomba binti aniwekee kizibo kimoja kwa kila mara kitu kitamu kilipoingia mdomoni jana, toka alipoamka. Sikuuliza amekula kiasi gani. Niliuliza mara ngapi tu.

Chai ya asubuhi, kimoja. Switi njiani kwenda shule, kimoja. Mapumziko ya saa nne, nyingine. Switi aliyopewa na mwalimu kwa kupata hesabu zote. Chai ya jioni. Switi akifanya kazi ya nyumbani, kisha nyingine. Kipande cha kashata kwa jirani. Switi kitandani. Vizibo tisa, vimepangwa safu moja.

Nikamwambia: "Sasa niwekee vya siku yenyewe ya Idi."

Alifikiri sana, akaweka sita. Siku ya Idi aliamka akanywa chai, akala pilau kwa bibi hadi akashiba, akala visheti na switi kwa mfululizo kati ya nyumba moja na nyingine, akanywa soda, akalala mchana, jioni akala tena. Alikula sukari nyingi kuliko siku yoyote ya mwaka. Lakini mara zilikuwa chache, zimebanana, na nyingi zilikuwa kwenye mlo, wakati mate yanatiririka.

Hajati aliinama juu ya meza akavitazama vile vizibo muda mrefu. "Kumbe Idi si hii," akasema akigusa safu fupi. "Idi ni hii," akagusa ndefu.

Nilimuuliza mama hizo switi zimetoka wapi siku zote hizi. Akaeleza bila kuficha. Kila Idi mtoto hurudi na kaveera, mfuko wa plastiki, imejaa. Mama huwa anamwambia: usile zote leo, kula moja moja, zidumu. Kaveera huwekwa chini ya mto. Ya Idi ndogo humalizika wiki tatu nne baadaye, halafu inakuja ya Idi kubwa, halafu Maulidi, halafu Krismasi ya majirani, maana Bombo watu hulishana sikukuu zao, na shangazi wa Kampala haji mikono mitupu. Kwa mwaka mzima kaveera ile haijawahi kukauka.

Hapo ndipo penye kisa chote, na ndiyo maana nasema mama hakuwa mzembe. Alimfundisha mwanawe kuweka akiba. Kwa pesa, kwa mahindi, kwa kuni, ni mafunzo mema. Kwa sukari mdomoni yanageuka. Piga hesabu ya switi ngumu inayonyonywa dakika 15, kisha nusu saa ya mate kusafisha asidi: dakika 45. Switi nne zilizotawanywa toka shule hadi kitandani ni saa tatu za asidi. Nne hizo hizo akizila kwa mpigo mmoja baada ya chakula ni saa moja na nusu, basi. Na ile ya kitandani ni mbaya kuliko zote, kwa sababu usingizini mate hukauka na hakuna wa kuisafisha.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibu?" mama akauliza, macho yakaanza kulengwa na machozi.

Nikamwambia hapana. Hakuna aliyemwambia. Nilikwenda shuleni kwao mwaka uliotangulia, nikasimama mbele ya gwaride nikawaambia watoto wasile switi. Sikusema neno hata moja juu ya lini na mara ngapi. Watoto walipiga makofi, wakaenda mapumziko, wakanunua switi. Ushauri wa "usile" kwa mtoto aliyezungukwa na switi siku ya Idi haukumfaa kitu, na naona aibu kwamba ndio niliokuwa nao.

Kuhusu upande wa kushoto, jibu lilitoka kwa binti mwenyewe. Nilimwomba anionyeshe anavyokula switi. Akatia ncha ya kidole kwenye shavu la kushoto: huweka hapo, haitafuni, haigeuzi. Yeye na kaka zake hushindana nani switi yake itaisha mwisho. Ukiitafuna umeshindwa. Na kwa nini kushoto? "Kulia ni kwa kutafunia chakula," akanijibu, kama kwamba kila mtu anajua. Switi ilikuwa ikilala kila siku kwenye kibonde kati ya shavu na magego ya chini, ikiyeyuka polepole juu ya meno yale yale matatu. Alikuwa bingwa wa nyumba.

Mwezi kabla ya Idi

Tulipoendelea kuhesabu tulikuta jambo ambalo sikulitarajia. Binti alikuwa amejaribu kufunga nusu siku, kama watoto wa umri wake wanavyofanya kwa fahari, na kila usiku aliamshwa daku pamoja na wakubwa. Daku yake ilikuwa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na andazi. Kisha anarudi kulala. Mswaki alipiga asubuhi akienda shule, na siku alizofunga aliogopa dawa ya meno isije ikamfunguza, akaiacha.

Usiku thelathini wa sukari na usingizi mkavu ni mzito kuliko Idi moja. Hili naliona kila mwaka kwa wakubwa pia, ila sijasikia likisemwa. Dawa yake ni nyepesi: mswaki na dawa ya meno baada ya daku, kabla ya alfajiri kuingia, ambapo hakuna shaka yoyote juu ya saumu. Tende za futari sizigusi. Zinanata, ni kweli, lakini zinaliwa mara moja, pamoja na maji na chakula. Hajati alinikumbusha kwamba Mtume alihimiza sana mswaki, nami nikakubaliana naye kwa moyo wote, nikaongeza kwamba kijiti cha mswaki husugua vizuri lakini hakina floraidi ya kutosha kumlinda mtoto ambaye ameshaanza kuoza. Kijiti na dawa ya meno yenye floraidi, vyote viwili vikae nyumbani.

Floraidi huingia kwenye enameli iliyolainika na kuifanya igumu tena. Dawa ya meno iwe na floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni), namba ambayo huandikwa kwa herufi ndogo mgongoni mwa kichupa. Waliyokuwa wakitumia nyumbani ilikuwa ya mitishamba, haina floraidi kabisa, nao waliinunua kwa sababu ilisifiwa kuwa ya asili. Kwa umri wa binti huyu inatosha punje ya ukubwa wa njegere, asubuhi na usiku, ateme povu bila kusukutua. Na mtu mzima amshikie mswaki, hasa lile gego la nyuma, mpaka aweze kufanya mwenyewe vizuri, kwa kawaida miaka saba au nane.

Jino tulilolipigania

Shimo la gego la kwanza la utotoni nililikwangua kwa zana za mkono bila mashine, nikaliziba kwa sementi ya glasi-ayonoma. Njia hii ilianzia kwa majirani zetu Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, ndiyo maana inatufaa hata stima ikikatika. Haina mlio wa drili, na mara nyingi haihitaji sindano. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza sementi hii, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na kimiminika cha madini ya fedha na floraidi, katika orodha ya dawa muhimu.

Kile kimiminika husimamisha uozo bila kukwangua, lakini huacha weusi wa kudumu mahali palipooza. Siku ile hatukuwa nacho. Tungekuwa nacho ningewaacha mama na binti waamue, maana mtoto wa kike na doa jeusi si jambo la kupitisha juu juu, hata kwenye gego la nyuma.

Gego la kudumu ndilo nililolipa muda mwingi. Msitari ule wa kahawia ulikuwa bado haujawa shimo. Nilisafisha mifereji, nikaikausha kwa pamba, nikachanganya unga na maji ya sementi hadi ikawa inavutika na kung'aa, nikaipaka juu, kisha nikapaka vaselini kwenye ncha ya glavu na kukandamiza kwa kidole kimoja hadi sementi ikaingia kwenye kila mfereji. Dakika chache ikashika. Alipouma meno aliniambia liko juu, nikapunguza. Kazi nzima haikufika nusu saa. Miezi tisa nyuma huenda na lile gego lililong'olewa lingewezekana hivi hivi.

Kuna hasara ambayo sikuweza kuifuta. Gego la utotoni lililong'olewa lilikuwa likilishikia nafasi jino la kudumu litakalokuja akiwa na miaka 10 hadi 12. Sasa pengo liko wazi na gego la miaka sita linaegemea mbele. Anahitaji waya wa kushikilia nafasi, na hiyo ni kazi ya Mulago, hospitali kuu ya rufaa Kampala, ambako iko shule ya meno. Niliwaandikia barua. Nauli, siku ya soko inayopotea, foleni, vyote mama alivihesabu mbele yangu kwenye vidole. Hadi naandika hawajaenda.

Ijumaa

Swali lililobaki lilikuwa la kaveera, na sikutaka kulijibu mimi. Niliwasimulia habari ya Vipeholm, hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili huko Lund, Sweden, ambako katika miaka ya 1940 watafiti waliwalisha wagonjwa sukari kwa namna mbalimbali, zikiwamo tofi za kunata kati ya milo. Waliopewa tofi mchana kutwa walioza meno vibaya. Waliopata sukari pamoja na chakula walioza kidogo sana. Watu wale hawakuombwa ridhaa, na siwezi kuitaja elimu hiyo bila kusema ni nani walioilipia. Wasweden waliitoa humo desturi ambayo ipo hadi leo: mtoto ale peremende Jumamosi, siku moja.

Hajati hakupenda Jumamosi. Akasema kwao itakuwa Ijumaa, baada ya chakula cha Jumaa, watoto wote wakiwa mkekani, kila mmoja achukue zake, ale amalize, anywe maji. Kaveera itatundikwa kwenye msumari chumbani kwake. Binti aliuliza kama mashindano yameisha. Hajati akasema yapo, ila sasa mshindi ni wa kumaliza kwanza, na ni ruhusa kutafuna. Mimi sina ushauri bora kuliko huo. Niliomba tu kwamba siku sita nyingine, wakitamani cha kutafuna, iwe njugu za kukaanga, muhogo, au simsimu kavu isiyoviringishwa kwenye sukari. Niliomba pia kwa mwalimu wake, kwa barua, kwamba hesabu zikipatikana zote azawadie penseli.

Shirika la Afya Duniani linashauri tangu 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Sikuwaambia takwimu hizo. Nyumbani kwao hakuna mizani, vizibo vipo.

Idi kubwa

Kati ya Idi mbili pana siku kama 68, kwa hiyo mtihani ulikuja upesi. Nilipanga tuonane wiki mbili baada ya Idi el-Hajj. Walikuja. Sementi ya gego la kwanza ilikuwa imevunjika ukingoni, nikaikarabati. Juu ya gego la kudumu ilikuwa imekaa, na weupe wa kingoni ulikuwa umepungua, unang'aa badala ya kufifia. Pengo nililipima kwa kipimo kile kile: lilikuwa milimita 10, sasa ni 9. Linafunga. Nikaandika barua ya pili ya Mulago, na safari hii nikaomba mtu wa ambulensi yetu awachukue siku anapopeleka wengine.

Tulimwaga vizibo. Vinne. Switi ya kitandani imeisha, ya njiani imeisha, ya mwalimu ilikuja mara moja tu tangu barua. Chai mbili zimebaki, nazo sina ugomvi nazo ikiwa vijiko vitapungua. Nilimuuliza kuhusu Idi yenyewe. Akasema alikula nyingi sana, Hajati alimwacha, na Ijumaa iliyofuata wakamaliza zilizobaki.

Mama hakuinuka. Alikuwa amekuja na mdogo wake binti, mvulana wa miaka minne, amejificha nyuma ya gauni lake. "Na huyu mtazame, daktari. Haumwi kitu." Nilimkalisha mapajani mwa mama, kichwa chake juu ya magoti yangu, nikainua mdomo wa juu kwa kidole. Kwenye meno manne ya mbele, pale enameli inapokutana na ufizi, palikuwa na ukanda mweupe kama chokaa, mwembamba, hauna shimo. Nikayapaka floraidi, nikaandika jina lake kwenye daftari, na katika safu ya tarehe ya kurudi nikaandika tarehe.